Madoa ya Nguo, Kapeti na Ngozi: Uliza Kwanza, Maji Baadaye

(Haya ni mazungumzo na akina mama wanaofanya vibarua vya kufua nguo jijini Nairobi. Tunayachapa kwa sababu wengi waliomba wapate maandishi ya kuweka nyumbani.)

Sikuja kuwafundisha kufua. Mikono yenu imefua nguo nyingi kuliko yangu, na wengine wenu mlianza mkiwa wadogo, mtoni, kwa sabuni ya kipande na jiwe. Nimekuja kwa sababu ya pesa zinazokatwa.

Nyinyi mnaotoka Kangemi asubuhi kutafuta kibarua Lavington na Kileleshwa mnajua mambo huwa vipi. Mama anafua tangu saa mbili mpaka saa tisa, mgongo unauma, halafu tajiri anainua shati jeupe na kuuliza, "Hii ni nini?" Doa lilikuwapo tangu juzi, lakini sasa limekuwa la yule aliyefua. Kuna mama aliniambia alikatwa malipo ya siku mbili kwa shuka moja lenye damu. Si yeye aliyelichafua. Alilitia maji ya moto akidhani anaongeza bidii, na damu ikashika kabisa.

Kwa hivyo jambo la kwanza halihusu sabuni. Kabla nguo haijaguswa na maji, ikunjue ikiwa kavu, mwenyewe akiwapo, umwonyeshe: mama, hapa pana doa, ni la nini? Lilimwagika lini? Akisema hajui, mwambie utajaribu lakini huwezi kuahidi. Mkubaliane hapo hapo. Na kama tajiri ameshaenda kazini akakuachia lundo tu, ile yenye doa iweke kando, au ipige picha kwa simu kabla hujailoweka. Najua wengine mnaogopa kuonekana wasumbufu. Lakini afadhali usumbufu wa dakika kumi asubuhi kuliko ugomvi wa jioni.

Sasa, kwa nini nasema uliza ni doa la nini? Kwa sababu dawa ya doa moja ndiyo huharibu lingine. Chukua damu. Damu ni kama ute wa yai: ukiutia kwenye sufuria ya moto unaganda na kuwa mweupe, haurudi tena kuwa maji. Damu ndani ya uzi hufanya vivyo hivyo. Kwa hivyo ni maji baridi, yenye chumvi kidogo ukipenda, uloweke, umwage, uloweke tena mpaka maji yasiwe mekundu. Sabuni huja baadaye. Maziwa, yai, matapishi na kinyesi cha mtoto ni ukoo mmoja na damu. Vyote vianze na maji baridi. Na kama una kidonda mkononi vaa glavu, kwa sababu damu ya mtu mwingine si kitu cha kuchezea.

Chai je? Vitabu vingi vya mambo ya nyumbani husema doa la chai kwenye pamba nyeupe limwagiwe maji yanayochemka. Hiyo ni sawa kwa wanaokunywa chai ya rangi. Chai yetu imepikwa na maziwa, si ndio? Ukiimwagia maji ya moto rangi itatoka kidogo, lakini maziwa yatashika. Anza na maji baridi kutoa maziwa na sukari, kisha sabuni ya unga, kisha ndimu kama rangi imebaki. Sabuni ya kipande usiikimbilie kwenye doa la chai, kahawa au matunda, maana huweza kulifunga lisitoke.

Mafuta ya kupikia ni rahisi. Nyunyiza unga wa ngano au chokaa ya ubaoni, uache uyanywe, upanguse, halafu sabuni na maji ya vuguvugu. Matope mekundu, yale ya Kiambu na Murang'a, yaache yakauke kwanza. Ukiyasugua mabichi unayaingiza ndani. Wino wa biro unataka spiriti kutoka duka la dawa: weka kitambaa kikavu chini ya doa, gusagusa kwa pamba, hamisha kitambaa kila mara ili wino usirudi. Nta ya mshumaa, na akina mama wanaofua vitambaa vya altare wanaijua hii, ikwangue ikiwa ngumu, kisha weka karatasi ya kaki juu na chini, upitishe pasi isiyo na moto mkali. Karatasi itainywa.

Utomvu wa ndizi mbichi nitasema ukweli: ukishakauka na kuwa kahawia, mara nyingi hautoki. Mwambie tajiri mapema.

Kutu nataka tukae nayo kidogo. Inatoka kwenye waya wa kuanikia, kwenye misumari, kwenye karai lililotoboka rangi. Wengi wakiona doa la kahawia kwenye nguo nyeupe mkono unakwenda kwa Jiki. Jiki haitoi kutu, inaikaza. Kutu hutoka kwa ndimu na chumvi: paka, anika juani, lowesha tena kwa ndimu ikikauka, halafu suuza sana.

Hapo kwenye kusuuza ndipo penye hatari kubwa, na naomba wale walio nyuma wasikie pia. Ndimu ni asidi. Jiki ikikutana na asidi hutoa hewa ya klorini, ambayo huchoma macho na mapafu, na ndani ya bafu dogo lisilo na dirisha inaweza kumwua mtu. Siki ni hivyo hivyo. Dawa ya kuondoa ukoko chooni ni mbaya zaidi. Na mkojo una vitu ambavyo vikichanganyika na Jiki hutoa hewa nyingine ya sumu, kwa hivyo nepi za mtoto zisuuzwe kwa maji matupu kwanza, mara mbili, ndipo Jiki iguse. Msidhani dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Ukianza kukohoa na macho kutoa machozi, acha karai hapo hapo, toka nje upate hewa, na kifua kikiendelea kubana nenda hospitali. Nguo zitangoja. Tajiri akikuambia uchanganye, kataa, umweleze kwa nini. Hata yeye analala ndani ya nyumba hiyo.

Kitu kingine kuhusu Jiki: inakula sufi na hariri. Si kuzifubaza tu, inazikula. Weka uzi wa sufi halisi ndani ya Jiki tupu mpaka kesho yake, huenda usiukute. Kwa hivyo sweta na kapeti za sufi zisiione.

Kapeti haiwezi kukamuliwa, ndiyo shida yake. Ukimwaga ndoo ya maji juu ya doa umelipeleka chini, na baada ya siku mbili nyumba inanuka. Kandamiza kitambaa kikavu, usisugue, ukitoka pembeni ya doa kwenda katikati. Kisha maji kidogo yenye sabuni kidogo, kandamiza tena, mpaka kitambaa kitoke safi. Fungua madirisha ikauke siku hiyo hiyo. Na kila dawa ijaribu kwanza chini ya kochi, mahali pasipoonekana.

Ngozi nayo. Rangi ya mafuta ya kupaka ukuta hutoka mikononi kwa mafuta ya kupikia: paka, sugua, osha kwa sabuni. Kabla ya kumenya ndizi mbichi paka mikono mafuta hayo hayo, utomvu hautashika. Hina, manjano, rangi ya nywele, hizo ziache. Ngozi ya juu hubanduka yenyewe na baada ya wiki chache zimekwisha. Petroli hapana. Inakausha ngozi, na jiko likiwa karibu unaweza kuwaka moto. Jiki mikononi pia hapana.

Halafu kuna madoa ya ngozi ambayo si uchafu. Weusi unaokuja mashavuni wakati wa uja uzito haufuliwi. Krimu za kung'arisha zinazouzwa bila maelezo, nyingine zina zebaki, na zebaki huharibu figo. Na ukiona baka lililofifia rangi ambalo ukiliguza halihisi, usilipake kitu. Nenda kituo cha afya, maana laweza kuwa ukoma, na ukoma unapona. Dawa zake ni za bure.

Mwisho ni chupa. Najua Jiki, spiriti na mafuta ya taa hununuliwa kwa kupimiwa, na chupa iliyo karibu ni ya soda. Mtoto wa miaka miwili anajua chupa ya soda ina nini. Akinywa, usimtapishe, usimtie kidole kooni. Mafuta ya taa yakirudi juu yanaingia mapafuni. Mbebe hospitali mara moja na ile chupa pia, ili daktari ajue alichokunywa.

Basi, karai liko hapo nje na ndimu zimekatwa. Nani alileta ile shuka yenye kutu?