Mali Bila Daftari: Usalama Wako Unapolala Hotelini

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wakazi wa Uthiru



Hapa Uthiru tumezoea kuona mabasi ya Nakuru na Kisumu yakipita Barabara ya Waiyaki, na likizo ikifika wengi wetu tunayapanda. Si kila msafiri ana jamaa wa kumlaza aendako. Kwa hiyo leo nazungumzia hoteli, na sisemi ile ya chapati na maharagwe. Nasema ya kulala, iwe lojing'i ya karibu na steji au nyumba ya kukodi kwa siku.

Mnakumbuka Januari 2024. Wanawake wawili waliuawa katika nyumba za kukodi kwa siku hapa Nairobi, mmoja South B, mwingine Roysambu. Tarehe 27 mwezi huo, watu waliandamana jijini na katika miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Lawama ni ya muuaji, kamwe si ya aliyeuawa. Kwetu sisi wasafiri, swali la kuuliza kabla ya kulipa ni hili: je, mahali hapa pana mlinzi langoni, na kila anayeingia huandikwa? Kitabu cha wageni kinachukiza ukiwa umechoka, lakini ndicho kinachomzuia mwenye nia mbaya kuingia na kutoka bila kujulikana.

Ukiombwa malipo ya mapema kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Ukiambiwa unalipa hoteli na jina ni la mtu binafsi usiyemjua, simama kwanza. Piga simu, uliza. Picha nzuri za vyumba vya Diani zinaweza kuibwa na yeyote mwenye simu.

Ukifika chumbani, jaribu kitasa na komeo kabla ya kufungua mkoba. Kama mlango haufungi vizuri, omba chumba kingine papo hapo. Angalia ngazi ya dharura iko wapi. Usiku wa baridi, usiingize jiko la makaa chumbani. Hewa yake huua mtu akiwa usingizini. Mtumie jamaa mmoja jina la hoteli na nambari ya chumba, lakini usiitangaze mitandaoni.

Kuhusu mali, wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuondoka nyumbani, bonyeza *#06# kwenye simu uandike nambari ya IMEI mahali pengine. Piga picha ya kitambulisho. Pesa usiziweke zote mahali pamoja. Ukikabidhi kitu cha thamani mapokezini, kihesabiwe mbele yako na upewe risiti yenye sahihi.

Mtakuta tangazo ukutani kwamba wenye hoteli hawatawajibika kwa mali iliyopotea. Lisiwakatishe tamaa. Wizi ni kosa la jinai, tangazo liwepo lisiwepo. Mwambie meneja, usiguse mlango uliovunjwa, kisha uende kituo cha polisi kilicho karibu na hoteli hiyo kabla hujapanda basi la kurudi. Dai nambari ya OB, kwa maana bila hiyo hakuna ushahidi kwamba uliripoti. Simu ikiibwa, azima nyingine ufunge laini na M-Pesa mara moja.

Maisha yakiwa hatarini, piga 999 au 112. Kwa dhuluma za kijinsia, 1195 haitozwi chochote. Ziandikeni nambari hizi kwenye karatasi pia, kwa sababu kitu cha kwanza kuibwa huwa ni simu.

Msafiri njema, na mrudi salama.