Mpaka wa Missouri na Kansas: Raia Kati ya Waasi na Majeshi



Katika mikutano yetu ya ujirani mwema swali moja hurudi mara kwa mara: mwanakijiji aishiye mpakani afanye nini, ikiwa usiku hujiwa na watu wenye silaha wakidai chakula, na asubuhi hujiwa na askari wakidai majina? Leo tumechagua kulitazama swali hilo kwa mbali kidogo, katika historia ya Marekani. Taifa hilo hufahamika kwa ndege na manowari zake, lakini vita vya msituni limevionja pande zote mbili, kama mpiganaji na kama mwenye kumsaka mpiganaji.

Mwaka 1780, baada ya Waingereza kuuteka mji wa Charleston, Francis Marion wa South Carolina aliongoza vikundi vidogo vya wapanda farasi waliojificha katika vinamasi, wakivizia misafara na kutoweka. Meja James Wemyss wa jeshi la Kiingereza akachoma nyumba za waliodhaniwa kuwaunga mkono. Moto ule ulimwongezea Marion wafuasi. Mtu angetarajia kwamba Wamarekani wasingelisahau jambo hilo.

Tuje sasa kwenye mpaka wenyewe. Missouri lilikuwa jimbo lenye utumwa; jirani yake, Kansas, liliingia katika Muungano Januari 1861 likiwa limeukataa. Watu wa pande hizo mbili walikuwa wakivamiana tangu miaka ya 1850, kwa hiyo vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, visasi vilikuwa vimekwisha kuota mizizi. Septemba mwaka huo James Lane, seneta wa Kansas, alivuka mpaka na watu wake, akaupora na kuuchoma mji wa Osceola. Wanaume tisa wakapigwa risasi. Upande wa Missouri, vijana wa vijijini walijiunga na William Quantrill, wakila katika nyumba za jamaa zao na kulala vichakani.

Jenerali Thomas Ewing, kamanda wa jeshi la Muungano eneo hilo, aliamua kuwakamata wanawake wa familia za waasi. Tarehe 13 Agosti 1863 jengo walimofungiwa mjini Kansas City likaporomoka, na baadhi yao wakafa. Siku nane baadaye, alfajiri, Quantrill aliingia Lawrence, Kansas, akiwa na wapanda farasi wapatao 400. Wanaume na wavulana zaidi ya 150 waliuawa, wengi wao bila silaha yoyote mkononi. Hakuna dhuluma iliyotangulia inayoweza kuuhalalisha unyama ule.

Jibu la Ewing lilikuja tarehe 25 Agosti, nalo ni Amri Namba 11. Wakazi wa vijijini katika kaunti za Jackson, Cass, Bates na sehemu ya Vernon walipewa siku 15 kuondoka. Aliyethibitisha utii wake aliruhusiwa kukaa karibu na kituo cha jeshi au kwenda sehemu kubwa ya Kansas. Wengine wote walitakiwa kuliacha eneo kabisa. Nafaka na majani makavu ya mifugo yalichukuliwa au kuteketezwa. Tufikirie maana yake: mjane aliyelazimishwa kumpikia mwasi, na jirani yake aliyewachukia waasi, wote walisukumwa barabarani na mikokoteni. Kaunti ya Cass, iliyokuwa na watu wapatao 10,000, ilibaki na takriban 600. Mahali pengi palisalia mabomba ya moshi tu, yamesimama katikati ya majivu. Na haya yalitendeka miezi minne tu baada ya Rais Lincoln kuidhinisha kanuni za vita zilizoandikwa na Francis Lieber, zilizotaka raia asiye na silaha ahifadhiwe kadiri hali ya vita iruhusuvyo.

Je, amri ilifaulu? Waasi walikosa chakula katika kaunti zile, hilo ni kweli. Lakini Septemba 1864 kikosi cha Bill Anderson kilisimamisha treni huko Centralia, Missouri, kikawashusha askari wasio na silaha na kuwaua. Eneo la uasi lilikuwa limehama pamoja na watu wake.

Karne moja baadaye, nchini Vietnam, kosa lilirudiwa kwa sura nyingine. Kuanzia mwaka 1962 serikali ya Saigon, ikisaidiwa na Marekani, iliwahamisha wakulima wengi na kuwaweka katika vijiji vyenye maboma, mbali na mashamba na makaburi ya wazee wao. Mwaka 1965, hata hivyo, askari wa majini wa Marekani walijaribu njia tofauti: kikundi cha watu wasiozidi 15 hivi, pamoja na tabibu, kiliishi kijijini na mgambo wa hapo hapo. Sisi tunaona njia hiyo ilikaribia kazi ya polisi kuliko ya jeshi, kwa kuwa askari alijifunza nyuso na njia za miguu. Udhaifu wake ulikuwa dhahiri: muda wa askari ulikwisha, akarudi kwao, mwanakijiji aliyempa habari akabaki.

Ndiyo sababu tunasisitiza kwamba jina la mtoa habari lisitamkwe hadharani, wala asitembelewe nyumbani na gari la polisi mchana kweupe.

Turejee Missouri. Vita vilipokwisha mwaka 1865, baadhi ya vijana wa Quantrill na Anderson waliligeuza jeshi lao kuwa genge la kupora mabenki na treni, wakiwemo ndugu wawili, Frank na Jesse James. Wakulima wengi waliendelea kuwaficha kwa miaka mingi. Jesse aliuawa mwaka 1882, na mwandani wake mwenyewe. Frank alijisalimisha kwa gavana mwaka huo huo, akashtakiwa kwa mauaji huko Gallatin mwaka 1883, na baraza la wazee wa mahakama, raia wa Missouri, likamwachia huru.