Shamba la Marehemu Haliuzwi Kabla ya Mahakama Kusema

(Maneno tuliyozungumza na wanavikundi wa Thika na Ruiru katika ukumbi wa parokia. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Tulikuwa tumepanga kuzungumza juu ya mikopo, lakini jambo lililofika ofisini kwetu limetufanya tubadilishe. Leo tutazungumza juu ya ardhi ya mtu aliyekufa.

Kuna vikundi viwili ambavyo hatutavitaja. Kimoja kiko upande wa Ruiru, kingine upande wa Thika. Katika kile cha Ruiru kuna mama mjane. Mume wake aliacha ploti yenye nyumba, na kwa mbele vyumba vitatu vya maduka vya kukodisha. Hati ya kumiliki iko kwa jina la marehemu mpaka leo. Kikundi cha Thika nacho kilikuwa kimechanga pesa kwa miaka minne, shilingi 200 kila wiki, wanachama 10, kikitafuta ploti yake. Akatokea dalali. Akawapeleka kuona ploti, wakaipenda. Kijana wa kwanza wa yule mama akaja na hati mkononi, hati ya kweli, si ya bandia. Wakaandikiana mkataba mbele ya mashahidi, wakamlipa shilingi 380,000 kama malipo ya kwanza.

Mama hakuambiwa. Alijua siku alipoamka akakuta watu wanashusha vigingi na seng'enge langoni pake. Na hao waliokuwa wakishusha walikuwa akina mama kama yeye. Wawili waliwahi kukaa naye semina moja, hapa hapa ukumbini. Hebu fikirieni hiyo asubuhi.

Sasa, sheria inasema nini? Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilianza kutumika mwaka 1981. Mtu akifa, hakuna anayeruhusiwa kuuza mali yake, kuikodisha au kuichukua kabla ya mahakama kumteua msimamizi. Awe mtoto wa kwanza, awe ndugu wa marehemu, ni mamoja. Anayeingilia anaweza kutozwa faini ya mpaka shilingi 10,000, au kufungwa mpaka mwaka mmoja, au yote mawili, na bado atadaiwa alichokula. Tena hata huyo msimamizi akishateuliwa, hawezi kuuza ardhi mpaka mahakama ithibitishe mgawo, na kwa kawaida hilo huja baada ya miezi sita. Kwa hivyo yule kijana hakuwa na kitu cha kuuza. Mkataba ule ungeandikwa hata na wakili na kupigwa mihuri kumi, haungempa mtu shamba.

Kwa nini familia nyingi hapa kwetu hazijafanya kesi ya urithi? Tumesikia sababu nyingi. Wengine wanaogopa gharama. Lakini ile tunasikia zaidi ni hii: "Mzee hajapoa kaburini na nyinyi mnagawa mali!" Basi watu wananyamaza. Mwaka unapita, kumi inapita, mjukuu anajenga, hati bado ina jina la babu. Na tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka 2012, ploti ambayo zamani hakuna aliyeitaka imekuwa dhahabu. Madalali ndio wanajua ni boma gani lina hati ya marehemu. Wanajua kuliko chifu.

Mambo yanaanza na cheti cha kifo. Tafadhali, kile kibali cha mazishi mliopewa ili kuzika si cheti cha kifo. Tumeona watu wakikitunza miaka mingi ndani ya Biblia wakidhani wamemaliza. Ukiwa na cheti, unaenda kwa chifu akupe barua yenye majina ya wote walioachwa na marehemu, kisha unapeleka maombi mahakamani. Hakimu anaweza kusikiliza ikiwa thamani ya mali haizidi kiwango chake. Kwa hakimu mkuu ni shilingi milioni 20. Tangazo linatolewa katika Gazeti la Serikali, na mwenye pingamizi anapewa siku 30.

Hapo kwa barua ya chifu ndipo vita huanza. Majina ya wote ni majina ya WOTE. Binti aliyeolewa Murang'a ni mtoto. Binti aliyerudi nyumbani na watoto wake ni mtoto. Sheria haitofautishi. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya Rono dhidi ya Rono, ya familia kutoka Bonde la Ufa, ambapo mabinti walikuwa wamegawiwa ardhi kidogo kuliko ndugu zao kwa sababu ati wataolewa. Mahakama ilikataa hoja hiyo. Na mkificha jina la mtoto mmoja, huyo mtoto anaweza kurudi hata miaka mingi baadaye na kuomba barua za usimamizi zifutwe. Wazee walioguna hapo mbele tumewasikia. Ukitaka kugawa kwa njia yako, andika wosia ukiwa hai, na hata hapo uwakumbuke wanaokutegemea, maana mahakama inaweza kuwaongezea.

Akina mama, msishangilie upesi. Mjane mwenye watoto hapewi shamba kuwa lake la kuuza atakavyo. Vyombo vya nyumbani ni vyake kabisa, lakini ardhi anaishika kwa maisha yake, na baada yake inaenda kwa watoto. Akitaka kuiuza, kwa mfano kwa matibabu, lazima mahakama ikubali. Tumewahi kuona mama akiuza kimyakimya sawa na yule kijana. Kosa ni lile lile.

Tuje kwa wanunuzi, maana wengi wenu ni wanunuzi. Kikundi cha Thika kiliona hati kikaridhika. Hawakwenda ofisi ya ardhi kufanya ile tunaita sachi, na hawakumwuliza muuzaji swali moja dogo: jina hili kwa hati ni lako? Aliwaambia ni la baba, na baba "alimwachia". Hapo wangesimama na kuuliza barua ya mahakama iliyothibitishwa iko wapi. Kama muuzaji yuko hai na ana mke au mume, ulizeni kama huyo mwenzake amekubali; nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini yake tangu sheria ya 2013. Kama ni shamba la kilimo, kuna bodi ya ardhi. Na cheti cha hisa cha zile kampuni za kununua mashamba si hati ya kumiliki, hata kikiwa kizee na kimechakaa namna gani.

Wale wapangaji watatu wa maduka pia walipata taabu. Kijana alikuwa akichukua kodi, mama naye anadai. Siku moja kijana akafunga duka la fundi cherehani kwa kufuli. Hiyo hapana. Mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi analindwa na Sura ya 301. Anapewa notisi ya maandishi ya miezi miwili au zaidi, na akipinga anaenda kwa Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara. Lakini naye lazima alipe kodi, na aweke risiti. Fundi wetu hakuwa na risiti hata moja.

Basi iliishaje? Seng'enge iliondolewa. Mama aliweka zuio kwenye rejista ya ardhi na amefungua kesi ya urithi, akiwa na majina ya watoto wote sita. Kikundi cha Thika hakikudai ploti, kilidai pesa zake, katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai ya mpaka shilingi milioni moja na si lazima uwe na wakili. Walishinda. Kijana hana kitu. Analipa 5,000 kwa mwezi, na mwezi uliopita hakulipa. Dalali hapatikani kwa simu.

Jumamosi ijayo saa nne tutakuwa hapa na wale ambao hati zao bado zina jina la marehemu. Kuja na kitambulisho, hati au nakala yake, na kile kibali cha mazishi kama hujachukua cheti. Kama mna ugomvi nyumbani, njooni wote wawili.