Mrenda wa Mwituni: Tuujue kwa Macho



Leo tunazungumza juu ya mrenda, ule Wajaluo huuita apoth. Mvua ikinyesha huota wenyewe shambani na kando ya njia, nasi tunatuma watoto wakachume. Je, mtoto anaujua kweli?

Tumfundishe hivi. Kwanza, ashike jani. Ukingo wake una meno kama msumeno, na meno mawili ya chini, karibu na kikonyo, yamerefuka kama vimikia vyembamba. Pili, atazame ua: ni dogo, la manjano, lenye petali tano. Tatu, tunda: ni refu na jembamba, lina miinuko kama ya bamia. Asipoona vile vimikia, auache.

Mrenda ni wa jamaa moja na bamia na pamba. Mboga yake huteleza kama bamia, na gome lake hutoa nyuzi za kusokota kamba.

Majani tunakula, lakini mbegu hapana! Zina sumu inayodhuru moyo, kwa hivyo ng'ombe wasilishwe mirenda iliyokomaa yenye mbegu.

La mwisho: mrenda huishi msimu mmoja tu. Tukiung'oa wote, mwakani tutachuma nini? Tubakize michache ikomae. Mbegu zina ganda gumu, basi kabla ya kupanda zichovywe katika maji ya moto sana kwa sekunde kama 10, kisha zipoe.

Sasa twendeni shambani tukautafute.