Siku Moja Jangwani

  Aliye na Biblia karibu na afungue Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 19, mstari wa 4 hadi wa 8. Sisi tutasimulia kwa maneno yetu wenyewe, kwa maana dakika zetu ni chache.

Eliya alikuwa amechoka. Malkia Yezebeli alikuwa ameapa kumwua, naye akakimbia mpaka Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake pale, akaingia jangwani mwendo wa siku moja. Akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amwondoe duniani. Kisha akalala usingizi. Hapo chini ya mti ndipo tunapotaka kukaa leo. Sisi wahubiri tumezoea kupapita mbio, kwa kuwa tunataka kufika upesi mlima Horebu, ambako Mungu alisema naye. Tulipapita hivyo kwa miaka mingi, mpaka mwezi wa Agosti 2025.

Kanisa letu liko Mathare. Msikilizaji asiyeijua na afikirie bonde ambalo zamani lilichimbwa mawe ya kujengea, na sasa nyumba za mabati zimebanana kutoka Juja Road mpaka mtoni. Maji tunanunua kwa mtungi. Choo hulipiwa. Mtoto akitaka kucheza mpira huchezea kwenye kijia, na kila anayepita na beseni la nguo kichwani humkaripia. Mwezi wa Aprili 2024 mto ulifurika usiku ukachukua nyumba na watu. Mei ilipofika, matingatinga yakaja kubomoa nyumba nyingine zilizokuwa karibu na maji. Wengi wa washiriki wetu walihama mara mbili katika majuma machache.

Baada ya hayo akina mama wa kanisa wakaanza jambo lililowashangaza wengi. Walianza kuweka shilingi 50 kila juma kwa ajili ya matembezi. Safari ya kwanza haikuhitaji gari. Walikwenda kwa miguu Msitu wa Karura, kupitia Muthaiga hadi lango la Kiambu Road, wakalipa kiingilio, wakakaa kutwa chini ya miti. Ni vema tukumbuke kwamba msitu ule, wenye zaidi ya hekta 1,000, karibu ugawanywe viwanja. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa huko kwa sababu walikwenda kupanda miti kuupinga ugawaji huo. Leo mama wa Mathare anaweza kuketi pale na watoto wake akasikia ndege.

Ndipo wakasema sasa wanataka kwenda mbali, mahali pasipo na nyumba hata moja. Wakachagua Olorgesailie na Magadi.

Jambo hilo lilipoletwa mbele ya baraza la kanisa, mzee wetu mmoja alisimama. Ni mtu wa Mungu, na alisema kwa uchungu. “Mchungaji, mimi nimezeeka katika kanisa hili. Kuna mama amefungiwa nyumba kwa sababu ya kodi, nasi tunakodi gari kwenda kutazama mchanga? Tutajibu nini?” Kwa kweli, wasikilizaji, hatukuwa na jibu zuri. Tulimsomea Kumbukumbu la Torati, mlango wa 5, mstari wa 14 na wa 15. Katika Kutoka twaambiwa tupumzike kwa kuwa Mungu mwenyewe alipumzika alipomaliza kuumba. Lakini katika Kumbukumbu sababu ni nyingine: ninyi mlikuwa watumwa Misri, basi mtumishi wako naye na apumzike kama wewe. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 nayo inampa mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Lakini anayefua nguo za watu Eastleigh kwa malipo ya siku, nani atampa likizo hiyo? Asipofua, hali.

Mzee alisikiliza, akakaa. Hakukubali, lakini hakukataa tena. Nasi tuseme ukweli hapa redioni: maneno yake yalituingia. Tukaona tuitetee safari yetu kwa kuijaza mahubiri. Tukapanga mahubiri matatu, moja Olorgesailie, moja ziwani, na moja katika gari wakati wa kurudi, mtu asije akasema tulikwenda kucheza.

Tuliondoka Jumamosi kabla ya jua kuchomoza, watu 31 katika gari la abiria 33. Tulichukua mitungi sita ya maji, chapati, maharagwe, na jiko moja la makaa. Tulipita Rongai na Kiserian katika baridi, watu wamejifunika leso. Baada ya Corner Baridi barabara huanza kushuka katika Bonde la Ufa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Magadi iko kama mita 600 tu. Kwa hiyo unateremka kama kilomita moja nzima kwenda chini, na joto linapanda kukulaki. Sweta zikavuliwa. Miti ikawa mifupi yenye miiba, nyasi zikaisha, udongo ukawa mweupe.

Karibu na Oltepesi watoto wachunga mbuzi walisimama kando ya barabara wakituonyesha madebe matupu. Wanaomba maji, dereva akasema, hapa ni kawaida. Akina mama walimwamuru asimame. Wakashusha mtungi mzima, na hakuna aliyetuuliza sisi viongozi. Anayenunua maji kwa mtungi anajua bei yake.

Olorgesailie ni kama kilomita 65 kutoka Nairobi. Hapo Louis na Mary Leakey walianza kuchimba katika miaka ya 1940, wakakuta mashoka ya mawe kwa mamia, na mengi yameachwa pale pale yalipolala, nawe unayatazama kutoka juu ya daraja la mbao. Kijana mwelekezi alitueleza kwamba zamani palikuwa na ziwa, na ule udongo mweupe ni mabaki ya vijimea vidogo mno vilivyoishi katika maji yake. Alipotaja miaka milioni moja, baadhi ya washiriki walitutazama sisi. Tukawaambia hilo tutalizungumza siku nyingine, na bado hatujalizungumza. Mama mmoja anayeponda kokoto aliinama, akayatazama yale mawe kwa muda mrefu, akasema, “Hawa walikuwa na kazi yangu.”

Katika kuhesabu watu tukaona mmoja hayupo. Ni mama wa watoto watatu; anafua asubuhi na kukaanga samaki jioni. Nyumba yake ilikwenda na maji mwaka ule wa 2024. Tulimkuta chini ya mgunga, amelala juu ya leso, mdomo wazi kama mtoto. Alikuwa amelala tangu tuliposhuka garini. Hakusikia mahubiri yetu, wala hakuona shoka hata moja.

Tulikasirika kidogo, na ni afadhali tukiri. Mtu ameweka shilingi 50 kwa majuma mengi, amekuja mpaka hapa, naye analala! Tukainama ili tumwamshe. Mwenyekiti wa akina mama akatushika mkono. “Mchungaji, mwache. Nendeni Magadi, mimi nitabaki naye.”

Basi tukaenda. Ziwa Magadi lastahili safari, hatutaki kulipuuza. Ni tambarare nyeupe yenye wekundu kama waridi, inayong'aa hata macho yanauma. Akina mama waliotia magadi katika githeri maisha yao yote waliona siku hiyo inakotoka. Inavunwa hapo tangu enzi za ukoloni, kampuni ikiwa ilianzishwa mwaka 1911, na husafirishwa kwa matumizi ya viwanda, hasa kutengeneza vioo. Upande wa kusini kuna chemchemi za maji moto. Tukatia miguu. Katika maji hayo ya magadi, yenye joto ambalo lingeua samaki wengine, wamo samaki wadogo jamii ya perege wanaoogelea bila shida. Korongo waridi walisimama mbali. Hatukuhubiri. Kila mtu alikuwa kimya, nasi tukaona haya kufungua kinywa.

Tuliporudi Olorgesailie ilikuwa saa kumi. Mama yule alikuwa ameketi, anakula chapati na maharagwe yaliyopashwa moto juu ya makaa, na kikombe cha maji kando yake. Mwenyekiti akatuambia kwamba alikuwa ameamka mara moja, akala, akanywa, akalala tena, na sasa ameamka mara ya pili.

Tukamwuliza, “Mama, u mgonjwa?”

“La, Mchungaji. Nyumbani silali. Tangu ule usiku, mabati yakilia tu naamka kutazama mto. Hapa sisikii maji.”

Wasikilizaji wapenzi, rudini sasa katika ile mistari mitano. Malaika alimgusa Eliya mara mbili. Mara ya kwanza alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa, Eliya akala, akalala tena, na malaika akamwacha alale. Mara ya pili akamlisha tena, kwa sababu njia iliyobaki ilikuwa ndefu kwake. Malaika hakumkemea Eliya, wala hakumwuliza kwa nini amekimbia kazi. Swali hilo Mungu alilileta baadaye, huko Horebu, baada ya siku 40, mtu akiwa ameshiba na amelala. Tumelifundisha somo hili tangu tulipotoka chuo cha theolojia, na hatukuwa tumeuona mkate ule.

Kupanda kurudi Corner Baridi gari lilichemka. Maji ya mitungi yalikuwa yamekwisha, ila chupa za mikononi. Zikakusanywa zote zikamiminwa katika rejeta, na tukafika Juja Road saa tatu usiku, tuna kiu. Yule mzee wa baraza alikuwa amesimama kwenye lango la kanisa na tochi.

“Mlihubiri mara ngapi?” akauliza.

“Mara moja, Mzee.”

Akamulika tochi ndani ya gari. Yule mama alikuwa amelala tena, kichwa chake juu ya bega la mwenyekiti. Mzee akazima tochi, akasema tusubiri kidogo kabla ya kushusha watu.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, tunakuomba kwa ajili ya wote watakaofua, watakaobeba na watakaoponda mawe leo. Uwalinde waliojenga karibu na mto. Uwape usingizi usiku huu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.