Usimhukumu Mama Aliyepoteza Mimba

Somo letu leo ni Injili ya Yohana, sura ya 9, mstari wa 1 hadi wa 3. Aliye na Biblia karibu naye na aifungue.

Wanafunzi wa Yesu walimwona mtu aliyezaliwa kipofu. Hawakuuliza namna ya kumsaidia. Walitaka kwanza kujua kosa ni la nani, lake au la wazazi wake. Yesu hakukubali swali hilo. Hakumlaumu yule kipofu, wala hakumlaumu baba yake au mama yake. Kisha akamponya.

Ndugu zangu, swali la wanafunzi wale bado laulizwa katika nyumba zetu. Laulizwa hasa mke anaposhika mimba ikaharibika, akashika ya pili nayo ikaharibika, na ya tatu ikafika miezi saba, mtoto akazaliwa amekwisha kufa. Hapo ndipo maneno huanza. Mama mkwe asema nyumba aliyotoka msichana ina laana. Jirani asema amerogwa. Mwingine asema alitoa mimba zamani alipokuwa msichana. Hata kanisani wako wanaonong'ona kwamba kuna dhambi ambayo hajaitubu. Naye mwenyewe halali usiku, ajichunguza akitafuta kosa asilolijua.

Mimba huharibika kwa sababu nyingi. Leo nataka kuwaeleza moja ambayo wengi wetu hatujapata kuisikia.

Mwenyezi Mungu ameuwekea mwili walinzi. Wamo katika damu yetu. Vijidudu vya ugonjwa vikiingia, walinzi hao huvitambua kuwa ni wageni, hutengeneza silaha ziitwazo kingamwili, na kuvipiga. Lakini katika watu wengine walinzi hukosea. Huudhania mwili wenyewe kuwa ni adui, wakaanza kupiga viungo, ngozi, figo na damu. Wazee wetu walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Ugonjwa mmoja wa namna hii huitwa lupasi. Katika kila wagonjwa 10 wa lupasi, 9 hivi ni wanawake, na wengi huanza kuugua katika miaka yao ya kuzaa. Mgonjwa huchoka mno. Hushikwa na homa, na akipimwa malaria haionekani. Viungo humuuma, nywele hukatika, na pengine hutokwa na vipele mashavuni na juu ya pua. Si ugonjwa wa kuambukiza. Hauletwi na uasherati wala uchafu.

Sasa, ugonjwa huu waweza kuidhuru mimba namna gani? Nitataja njia tatu.

Ya kwanza ni figo na shinikizo la damu. Figo zikiwa zimeumizwa, shinikizo la damu la mama laweza kupanda sana wakati wa mimba, hata likaleta kifafa cha mimba. Mtoto naye huweza kukosa kukua vizuri, au kuzaliwa kabla ya wakati.

Ya pili ni damu. Baadhi ya akina mama hawa, na wengine wasio na lupasi, wana kingamwili zinazoifanya damu igande upesi. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1983 na daktari Graham Hughes wa London. Kingamwili hizo hulidhuru kondo la nyuma, na humo ndimo mtoto hupata chakula na hewa. Kondo likishindwa kufanya kazi, mtoto hufa tumboni, ingawa hana kilema chochote.

Lakini sikieni habari njema. Mwaka 1997 madaktari wa London walitoa matokeo ya kazi yao na wanawake 90 wenye kingamwili hizo, ambao walikuwa wamepoteza mimba mara nyingi. Nusu yao walipewa aspirini kidogo peke yake. Kati ya hao 45, wanawake 19 walipata watoto hai. Wengine 45 walipewa aspirini pamoja na sindano za heparini, dawa inayozuia damu kuganda na ambayo haimfikii mtoto tumboni. Kati yao, 32 walipata watoto hai. Wanawake hao walikuwa na ugonjwa uliohitaji dawa.

Kuna jambo jingine ambalo waume wanapaswa kulisikia. Kipimo cha kaswende kiitwacho VDRL chaweza kudanganywa na kingamwili hizi hizi. Mama asiye na kaswende hupimwa, na jibu hutoka kwamba anayo. Arudipo nyumbani na jibu hilo, hupigwa, hufukuzwa, huitwa malaya. Ndugu, usiamue neno kwa kipimo hicho kimoja. Nendeni wawili mkaombe kipimo cha pili cha kuhakikisha. Ikiwa ni kaswende kweli, inatibika, nanyi mtibiwe pamoja ili mtoto asalimike. Ikiwa si kaswende, daktari na atafute sababu, maana huenda ni hiyo inayoua watoto wenu.

Njia ya tatu ni moyo wa mtoto. Ziko kingamwili ziitwazo anti-Ro, ambazo hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Katika kila akina mama 100 walio nazo, mtoto wa mmoja au wawili hivi huumizwa moyo, ukapiga polepole mno. Mara nyingi jambo hili huonekana kati ya wiki ya 18 na ya 24. Basi mama mwenye kingamwili hizo aseme mapema kliniki, moyo wa mtoto upate kusikilizwa na kupimwa. Watoto wengine huzaliwa na vipele tu, na vipele hivyo huisha katika miezi michache, kingamwili za mama zikitoka katika damu ya mtoto.

Zamani mwanamke mwenye lupasi aliambiwa na madaktari asizae kabisa. Leo sivyo. Huko Marekani na Kanada wajawazito 385 wenye lupasi iliyotulia walifuatwa kwa makini, na habari zao zikachapishwa mwaka 2015. Katika kila 100, mimba 81 zilikwenda bila matatizo makubwa. Neno la kushika hapo ni iliyotulia. Madaktari hushauri ugonjwa uwe umetulia kwa muda wa miezi sita kabla ya kushika mimba.

Kwa hiyo, dada yangu, ikiwa una ugonjwa wa namna hii, zungumza na daktari kabla ya mimba. Dawa nyingine, kama methotrekseti na warfarini, zaweza kumdhuru mtoto, nawe utabadilishiwa. Nyingine, kama haidroksiklorokwini, ambayo ni ndugu ya ile klorokwini tuliyoitumia kwa malaria, hutumiwa wakati wa mimba na humlinda mama. Usiache dawa kwa shauri lako mwenyewe, wala kwa sababu umeombewa. Maombi na dawa havigombani. Paulo alisafiri pamoja na Luka, naye Luka alikuwa tabibu.

Na wewe dada ambaye umepoteza mimba tatu, au mtoto amekufia tumboni, mwulize daktari waziwazi kama damu yako imepimwa kwa kingamwili hizi. Kuuliza si utovu wa adabu.

Nanyi waume, msimpeleke mke peke yake kama mshtakiwa. Fuatana naye, beba kile kijitabu cha kliniki, sikia daktari anavyosema. Mama mkwe, mpokee binti huyu kama Naomi alivyokaa na Ruthu, wote wawili wakiwa wamefiwa. Akina mama wa kanisa, mtoto akizaliwa amekufa, msiseme hakuna msiba kwa kuwa hakupewa jina. Nendeni na chai na unga, mketi naye, mlie naye.

Bwana wetu alipokutana na yule kipofu hakutafuta wa kulaumiwa, alimsaidia. Wiki hii, nyumbani kwako au jirani yako, yuko mama anayengoja kuona utafanya lipi kati ya hayo mawili.

Na tuombe. Baba yetu, wewe wawajua watoto ambao hatukuwashika mikononi. Wafariji mama zao. Utusamehe maneno tuliyowaumiza nayo. Wape madaktari na wauguzi wetu hekima, na utupe sisi mioyo ya huruma. Katika jina la Yesu. Amina.