Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa



Malori yatokayo Njombe na Makambako hutuletea mjini viazi, mahindi, maharage, na siku hizi maparachichi. Chipsi nyingi tunazokula Dar es Salaam zimeanzia katika udongo wa huko. Mtu angetegemea watoto wa huko wawe na vimo vizuri kuliko wa kwetu. Sivyo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 50.4 ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Wastani wa Tanzania ulikuwa asilimia 30. Ni Iringa peke yake iliyozidi Njombe.

Sababu ni nyingi: uji mtupu, mama kushinda shambani, mtoto kuachiwa dada yake mdogo. Leo nataka tuzungumzie sababu moja isiyoonekana kwa macho, nayo ni utumbo wenyewe.

Utumbo mwembamba hauko laini ndani kama mpira wa maji. Umejaa vijidole vidogo sana, na hivyo ndivyo vinavyonyonya chakula. Chembe hai zinazovifunika huchakaa upesi. Kila baada ya siku tatu hadi tano hubanduka zikatoka na choo, na mpya zikashika nafasi. Mpya hizo huzaliwa katika vishimo vilivyo chini ya vijidole, ambamo mna chembe mama. Kundi la Hans Clevers, huko Utrecht, Uholanzi, ndilo lililozitambua mwaka 2007.

Chembe mama hazizai ovyo. Hungoja amri, na amri hiyo huletwa na protini. Protini ziitwazo Winti, zinazotolewa na chembe jirani, huziambia: gawanyikeni. Chembe mpya ikipanda juu, amri hiyo hufifia, na protini nyingine, BMP, huiambia: basi, acha kuzaa, kafanye kazi. Mwaka 2009 watafiti haohao walichukua chembe mama moja, wakaiwekea protini chache za namna hiyo, nayo ikaota utumbo mdogo ndani ya chombo cha maabara.

Sasa turudi kijijini. Mtoto anayetambaa uani penye kinyesi cha kuku na kunywa maji yasiyochemshwa humeza vijidudu kila siku. Si lazima aharishe. Utafiti uliofanyika Haydom, mkoani Manyara, kuanzia 2009, sambamba na nchi nyingine saba, ulionyesha kuwa hata vijidudu visivyoleta kuhara huandamana na kudumaa. Vijidole hufupika, ukuta huvuja. Fundi yupo na amri anazipata, lakini ubomoaji unamzidi kasi. Chakula kinaingia, faida haipatikani.

Mama wa Ilembula anayo hospitali jirani, ile ya Kilutheri. Lakini hospitali humpokea mtoto akiwa tayari mgonjwa; ukuta huu hujengwa au hubomolewa nyumbani. Maziwa ya mama yana protini ya ujumbe iitwayo EGF, inayohimiza chembe za utumbo kukua. Basi miezi sita ya kwanza mtoto asipewe kingine. Akiharisha, apewe ORS pamoja na zinki, ambayo husaidia ukuta kupona. Tangu 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanaelekeza zinki itolewe siku 10 hadi 14. Kuhara kukikoma siku ya tatu, vidonge visiwekwe kabatini.

Hata hivyo, tusimtwishe mama mzigo wote. Huko Zimbabwe, familia za vijijini zilipewa vyoo vya shimo, vibuyu chirizi na dawa ya kutibu maji. Matokeo ya 2019 yalikuwa kwamba hayo hayakuongeza vimo vya watoto. Mimi sisemi tuache kunawa mikono. Nasema uchafu ukiwa mwingi, nusu ya usafi haitoshi. Kinachotakiwa ni maji safi ya bomba karibu na nyumba, kuku wenye banda lao, na mtoto mwenye mahali safi pa kutambaa. Hayo yanahitaji bajeti, wala hayaletwi na semina.

Mkoa unaotulisha sisi wa mjini unastahili bajeti hiyo.